Kinolewacho Hupata

Wakulima wenzangu, tunazungumza sana juu ya mbegu, mbolea na bei za sokoni, wala si vibaya. Lakini kipo kitu kidogo tunachotembea nacho kila siku ambacho hatukijali: kisu cha kukunja cha mfukoni. Maoni yangu ni haya: kisu rahisi ambacho mwenyewe hukinoa kwa mkono wake kila juma ni bora kuliko kisu cha fahari kinachongoja fundi.

Nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja nilibebesha miche ishirini ya maembe hapa Ronge, nikitaka kuipanda upande wa Nyika ambako joto linaifaa. Ikashika minne tu. Nikalaumu jua, kisha nikalaumu vikonyo. Mzee jirani yangu akaniomba kisu, akakipitisha kwenye kipande cha gazeti. Gazeti halikukatika, likachanika. Akanirudishia kisu bila kusema neno.

Sababu yake ni hii. Katika kubebesha, ile ngozi changa ya kijani iliyo chini ya ganda la mche lazima igusane na ya kikonyo. Kisu kikali hukata mara moja, mkato ukawa laini. Kisu butu huponda na kuacha mawimbi. Kati ya mawimbi hewa hupita, kikonyo kikakauka. Mwembe uliobebeshwa vizuri huweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Basi ubutu wa kisu siku moja waweza kukupotezea msimu mzima.

Je, uchague kisu gani? Usivutiwe na kile chenye mkasi, kizibuo na vidude kumi. Mkulima anahitaji bapa moja lililonyoka, urefu wa kidole hivi, na mpini unaojaza kiganja hata kikilowa. Dukani kifungue ukitikise: bapa lisicheze. Kisha jaribu kifungo chake, kwa maana kisu kisicho na kifungo imara chaweza kujikunja juu ya vidole vyako.

Kuhusu chuma, kile kinachoshika kutu hunoleka upesi kwenye jiwe la kawaida, bali hudai kukaushwa na kupakwa mafuta kidogo. Kisichoshika kutu hakina taabu hiyo, lakini mara nyingi hutaka subira zaidi kwenye jiwe. Mimi napenda cha kwanza. Mfano wake ni Okapi, kisu chenye mpini wa mti ambacho kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na baadaye kikahamia Afrika Kusini. Si kisu cha fahari, lakini kimedumu zaidi ya miaka mia moja.

Sasa kunoa. Wapo wasemao, "Yupo fundi wa gurudumu sokoni, ya nini nijisumbue?" Gurudumu linafaa jembe na panga. Bapa jembamba likikaa hapo muda mrefu bila maji hupata moto, na ukiona ukingo umegeuka rangi ya buluu, ujue ugumu wa chuma umeondoka pale. Kitanolewa leo na kesho kitakuwa butu.

Nunua kinoo chenye pande mbili, wa kukwaruza na wa laini. Kiloweshe maji, ukiweke juu ya kitambaa kisiteleze. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kiasi cha penseli kupita chini yake, na usibadili kipimo hicho. Sukuma makali mbele kana kwamba unakata ganda jembamba la jiwe, toka shinani mpaka nchani. Endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili, toka mgongoni kuelekea nje, usikie ukingo mdogo unaokwaruza. Geuza, fanya vivyo hivyo. Maliza kwenye upande laini, ukipokeza pande mbili kwa mkono mwepesi, mpaka ukingo ule utoweke. Jaribu kwa karatasi, si kwa kidole gumba. Lakini kisu maalumu cha kubebeshea, ambacho kimechongwa upande mmoja tu, kinoe upande huo. Ule wa pili ulaze bapa juu ya jiwe.

Jambo la mwisho ni usafi. Kisu hubeba ugonjwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulielezwa Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001 na Kenya mwaka 2006, na njia yake kubwa mojawapo ni visu na mapanga yetu. Panga waweza kulipitisha motoni. Kisu chembamba moto utakiharibu. Kitumbukize katika dawa ya kung'arishia nguo, ile tuitayo jiki, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, kabla ya kugusa shina jingine. Jioni kioshe, ukikaushe, ukipake mafuta, maana dawa hiyo hula chuma.

Na kisu cha miti kiwe cha miti. Kisifungue kopo la rangi, kisikate waya, wala watoto wasimenyee muhogo. Kwa kazi hizo tafuta kingine cha bei ndogo.

Mwaka uliofuata nilibebesha tena miche ishirini, kwa kisu kile kile, ila nilikuwa nimekinoa. Ikashika kumi na saba. Wazee walisema kinolewacho hupata. Jumamosi hii, kabla ya kwenda shambani, jaribu kisu chako kwenye gazeti hili ukiisha kulisoma. Likichanika, kaa chini unoe kwanza.

Mkulima wa Ronge