Sarafu Isiyonunua Chumvi

Nyumbani kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, nilikuwa na sarafu moja ambayo sikuwahi kuigusa kwa vidole vitupu. Ilikaa ndani ya kifuniko cha plastiki, kifuniko ndani ya sanduku la mbao, sanduku ndani ya kabati la nguo. Ilikuwa wakia moja ya fedha tupu, imechorwa tembo, imeng'arishwa mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Pamoja nayo palikuwa na cheti chenye sahihi ya mkubwa fulani. Iligongwa na kiwanda cha sarafu cha taifa moja la mbali, ambalo sitalitaja kwa kuwa shauri hili si la kiwanda kimoja.

Niliinunua mwaka 2018, vanila ilipopanda bei na sisi wenye miche michache migombani tukajiona matajiri. Mpwa wangu aliye ng'ambo ndiye aliyeniagizia. Bei yake ilikuwa dola 90, yaani shilingi laki mbili na kidogo za wakati ule. Katika soko la dunia wakia ya fedha iliuzwa dola 16 hivi. Sikuuliza. Niliona jina la serikali, nikavua kofia.

Mwaka 2021 mjukuu wangu alichaguliwa kwenda kidato cha tano, mbali na mkoa wetu. Godoro, sare, nauli, ada. Nikafungua kabati, nikapanda basi hadi Bukoba mjini. Benki waliniambia kwa adabu kwamba hawapokei sarafu za kigeni. Nikaenda kwa sonara. Yeye aliitoa ndani ya plastiki kabla sijamzuia, akaiangusha kwenye mizani kama mtu anayepima dagaa.

"Nitakupa elfu arobaini na tano, mzee."

"Na hiki cheti, je?"

"Cheti baki nacho tu, mzee wangu. Mimi napima gramu."

Msomaji, tazama hesabu hiyo vizuri. Katika miaka mitatu ile bei ya fedha duniani ilipanda kutoka dola 16 hadi karibu dola 26. Mali niliyoinunua ilipanda kwa zaidi ya nusu ya bei yake, nami nikaambiwa nipoteze zaidi ya robo tatu ya pesa yangu! Sonara hakuniibia, alichukua faida yake ya kawaida. Nilikuwa nimekwisha kukamuliwa siku ile ile ya kununua, tena na kiwanda chenye nembo ya taifa.

Wenyewe wana majibu yao. Kwanza, kazi ya ufundi. Sisemi fundi asilipwe. Sisi watu wa kahawa tunajua kazi ni nini: kuchuma, kuanika, kukoboa, kuchambua. Lakini nani amewahi kulipa mara tano ya bei ya kahawa kwa sababu gunia lake limeshonwa vizuri? Huku kwetu tuna biashara iitwayo butura: mlanguzi anamnunulia mkulima kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mkulima ana shida. Serikali imeipiga vita miaka nenda rudi, na ina haki. Viwanda hivi vinafanya butura ya kinyume: vinatuuzia ua kwa bei ya gunia.

Pili wanasema sarafu ni chache, kwa hiyo itapanda thamani. Uchache upi, ikiwa kila mwaka wanatoa nyingine, mara simba, mara joka, mara harusi ya mwana wa mfalme? Mwaka 1974 Tanzania nayo ilikuwa na sarafu za namna hiyo, zilizogongwa Uingereza kusaidia hifadhi ya wanyamapori: twiga ya shilingi 25, faru ya shilingi 50, na duma ya dhahabu ya shilingi 1,500, zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi wa siku zile. Aliyeweka duma yule amenufaika, kwa kuwa ndani yake mna karibu wakia nzima ya dhahabu. Dhahabu ndiyo iliyompandishia mali yake. Na angalau yeye aliambiwa ziada yake inakwenda wapi.

Tatu wanasema ni pesa halali. Hapo ndipo ninapokasirika. Waingereza, kuanzia mwaka 2013, waliuziwa sarafu za fedha za pauni 20 kwa pauni 20, baadaye za pauni 100 kwa pauni 100, ingawa fedha iliyokuwamo haikufika nusu ya bei hiyo. Watu walipozipeleka benki, benki nyingi zilikataa kuzipokea. Huko Marekani, mwaka 2023, sarafu ya tai ya wakia moja iliyong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji iliuzwa dola 80, na usoni imeandikwa dola 1. Basi ni pesa ya nani hiyo, ambayo haikununulii hata chumvi dukani?

Sonara wa mtaani na apange bei apendayo. Hakuna anayemvulia kofia. Mwenye kuuza kwa jina la taifa aandike kwenye kile cheti chake, kwa herufi kubwa kuliko ile sahihi, bei ya madini ya siku hiyo. Kisha akubali kuinunua tena sarafu yake kwa bei ya madini, siku yoyote nitakayoirudisha. Akishindwa hilo, aondoe nembo, auze vito.

Nasi hapa tukumbuke. Mwaka 1981 tulipotimiza miaka 20 ya Uhuru ilitoka sarafu ya shilingi 20. Mama yangu alirudishiwa moja kama chenji, akaitazama, akainunulia mafuta ya taa. Miaka 50 ilipotimia mwaka 2011 ilitoka sarafu ya fedha ya shilingi 50,000. Kamachumu nzima sijaona aliyeishika.

Sonara nilimwachia tembo wake. Mjukuu alikwenda shule na godoro la kuazima. Lile sanduku la mbao mke wangu anawekea nyuzi na sindano, na anasema ni sanduku zuri sana.