Usimwite Wakili wa Wezi

Kuna neno moja ambalo nimelichoka. Kila wakili anayesimama mahakamani kumtetea mshukiwa wa wizi au wa mauaji, watu humwita "wakili wa wezi". Utalisikia kwenye matatu, utalisikia kwa kinyozi, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Ati kama si mwongo, angewezaje kumtetea mtu ambaye mtaa mzima unajua alifanya? Na ajabu ni kwamba watu haohao, mtoto wao akishikwa na polisi usiku wa manane, huyo wakili wa wezi ndiye wanayemtafuta kabla hata ya kumwambia pasta.

Maoni yangu ni haya. Ugumu wa kazi ya wakili wa mahakamani haumo katika vile vitabu vinene tunavyoviona kwenye picha. Ugumu wenyewe ni kusimama kando ya mtu ambaye watu wameshamhukumu kitambo, halafu jioni urudi ukaishi na watu haohao. Mzigo huo, nusu yake ni sisi majirani tunaomtwika.

Hebu tuanze na sheria. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chasema kwamba mshtakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hatia yake ithibitishwe. Anayepaswa kuthibitisha ni upande wa mashtaka, wala si yeye. Basi kazi ya wakili wa utetezi ni kuuliza. Mathalani shahidi asema alimtambua mwizi saa tatu usiku. Wakili atamwuliza: palikuwa na taa? Taa ilikuwa upande gani? Ulimwona kwa dakika ngapi? Ulipoenda kuandikisha ripoti, uliwaambia polisi sura yake, au ulimjua baada ya kukuta ameshafungwa pingu? Kulikuwa na gwaride la utambulisho? Nambie, ndugu msomaji, uongo uko wapi hapo? Kama shahidi alimwona kweli, maswali hayo hayatamwangusha. Na kama hakumwona, basi tulikuwa karibu kumfunga mtu wa bure.

"Na kama mteja amekiri kwa wakili wake kwamba alifanya?" Swali hili lilizuka katika mjadala wetu wa chama na nusura tupigane. Jibu ni kwamba wakili haruhusiwi kwenda kumchongea mteja wake. Sheria ya ushahidi inamfunga mdomo juu ya yale aliyoambiwa kama wakili. Lakini pia haruhusiwi kuidanganya mahakama. Hawezi kumleta mtu huyo kizimbani aape kwamba siku hiyo alikuwa Mombasa ilhali anajua hakuwa. Anachoweza kufanya ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe. Kutembea katikati ya mambo hayo mawili si mchezo, na siri hiyo hawezi kumwambia hata mumewe au mkewe.

Katika somo la historia tunaimba kesi ya Kapenguria, ila hatuwakumbuki sana mawakili wake. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walipofikishwa kortini mwishoni mwa mwaka wa 1952, serikali ya mkoloni ilichagua Kapenguria makusudi kwa sababu palikuwa mbali na watu. Mawakili walilala Kitale, mji wa walowezi wenye ubaguzi wa rangi, na kusafiri zaidi ya kilomita 30 kwenda kortini. Kiongozi wao alikuwa Mwingereza, D. N. Pritt, na pamoja naye walikuwamo akina A. R. Kapila, Fitz de Souza, Jaswant Singh, H. O. Davies wa Naijeria na Dudley Thompson wa Jamaika. Pritt alipotuma simu ya maandishi Uingereza kulalamika kwamba haki inanyimwa, alishtakiwa yeye mwenyewe kwa kuidharau mahakama! Alishinda shtaka hilo, lakini ile kesi kubwa walishindwa tarehe 8 Aprili 1953. Machoni pa walowezi, wale nao walikuwa mawakili wa wahalifu. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1958, shahidi mkuu Rawson Macharia aliapa kwamba ushahidi aliotoa pale ulikuwa wa uongo. Leo sote twajivunia upande uliotetewa. Wakati ule ungethubutu?

Shangazi yangu ni wakili wa kesi za jinai hapa mjini, kwa hiyo mambo mengine sikuyasoma popote, nimeyaona. Mwaka jana alimtetea kijana aliyeshtakiwa kumvamia mwenye duka la mtaani kwetu. Yule mwenye duka ni mtu wa heshima, anakopesha unga hadi mwisho wa mwezi, basi hasira ya watu ilikuwa kali. Wanawake wa chama cha shangazi wakamjia nyumbani. Hawakumtukana, la. Walikunywa chai vizuri, halafu mkubwa wao akasema, "Mama Kevo, sisi hatukukatazi kazi yako, lakini hii ya huyu kijana ungeiacha." Shangazi akawajibu kwa upole kwamba akiiacha yeye, ataichukua nani? Hawakujibu. Tangu siku hiyo mkutano wa chama ukiwa kwake, huja wanne tu.

Kijana alipatikana na hatia na kufungwa. Nilidhani shangazi angesahau, maana si yeye aliyefungwa. Lakini juma zima alikuwa akiamka usiku, anawasha taa ya jikoni, anaisoma ile hukumu ukurasa kwa ukurasa, akitafuta swali ambalo hakuuliza. Nilipomwuliza kama aliamini kijana hana hatia, alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, kalale, una shule kesho."

Kuhusu pesa, msidanganywe na suti. Mteja wa kesi za jinai hulipa vizuri siku ya kwanza akiwa na hofu. Akishapewa dhamana, huanza "nitakutumia kesho kwa M-Pesa", na hiyo kesho haifiki. Akishinda, husema Mungu ndiye aliyemshindia. Akishindwa, anauliza alipe cha nini. Halafu kuna kuahirishwa. Shahidi hakuja, faili haionekani, hakimu amehamishwa, mwezi unapita na nauli zimeenda. Tangu mwaka wa 2020 kesi nyingine husikizwa kwa video na hati zinawasilishwa kwa kompyuta, jambo ambalo limepunguza safari, lakini mtandao nao ukikatika ni kuahirisha tena.

Hayo ni madogo ukilinganisha na hatari ya maisha. Wakili Willie Kimani alikuwa akimtetea mwendeshaji bodaboda, Josephat Mwendwa, ambaye alipigwa risasi na polisi mwaka wa 2015 na akapiga moyo konde, akalalamika kwa mamlaka inayochunguza polisi. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wa teksi, Joseph Muiruri, na hawakufika nyumbani. Wakiwa wamefungiwa katika kambi ya polisi, ujumbe wa kuomba msaada uliandikwa kwenye karatasi ya chooni na kurushwa nje. Miili yao ilipatikana mtoni huko Ol Donyo Sabuk. Mawakili nchini walisusia kazi na kuandamana. Ilichukua mpaka Julai 2022 kwa polisi watatu na mpasha habari mmoja kupatikana na hatia, na Februari 2023 wakahukumiwa, mmoja wao adhabu ya kifo. Na hao polisi nao, mnajua, walikuwa na mawakili kizimbani. Ndivyo inavyopasa. Hata aliyemwua wakili ana haki ya wakili, na mtu akiliona hilo kuwa upuuzi basi hajaielewa Katiba.

Sikatai kwamba wapo mawakili wabaya. Wapo wanaokula pesa za fidia za wateja wao, wapo wanaohonga, na hao wapelekwe mbele ya mahakama ya nidhamu ya mawakili wafutwe kwenye orodha. Lakini mbona tusimchukie huyo mla pesa kwa sababu ya ulaji wake, tukamwacha yule anayeuliza maswali afanye kazi yake?

Tena wanaouliza maswali hawatoshi. Anayeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu hupewa wakili na serikali ikiwa hana uwezo. Lakini wizi wa mabavu husikizwa na hakimu, na sheria bado inaweka adhabu ya kifo kwa kosa hilo, ijapokuwa hakuna aliyenyongwa Kenya tangu mwaka wa 1987. Huko kwa mahakimu wengi husimama peke yao, ingawa tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016. Fikiria mtu aliyeacha shule darasa la sita akiambiwa, "Una maswali kwa shahidi?" Atauliza nini? Mara nyingi husema hana swali, na shahidi anashuka kizimbani.

Darasani kwetu wanaotaka kusomea sheria ni wengi, lakini ukiwahoji, karibu wote wataka kesi za mashamba na za makampuni. Siwalaumu. Ni miaka minne ya chuo kikuu, kisha Shule ya Sheria ya Kenya na mitihani yake, pamoja na miezi sita chini ya wakili mwingine, na baada ya hayo yote uje uitwe wakili wa wezi na wanachama wenzako. Mimi bado naitaka ya kizimbani. Nilimwambia mama, naye akasema tutaongea matokeo ya kidato cha nne yakitoka. Shangazi hakusema neno. Aliniletea nakala ya Katiba iliyochakaa, kurasa za kifungu cha 50 zikiwa karibu kung'oka.