Wahamasishaji wa Mafanikio na Suala la Kijana Aliyeuliza Kasoro Yake

 

Wiki chache zilizopita, baina ya Magharibi na Isha, tulijiwa msikitini na mzee mmoja akiwa na kijana wake wa miaka 23. Mzee ana duka la rejareja mtaani. Kijana alimaliza kidato cha sita, hakupata nafasi ya chuo kikuu, akawa anamsaidia baba yake dukani. Mwaka jana alianza kufuatilia klipu za wahamasishaji kwenye simu, kisha akalipa kiingilio cha semina ya siku tatu katika ukumbi wa hoteli. Siku ya tatu akaambiwa lipo daraja la pili, nalo lina ada yake. Akachukua fedha za mtaji wa duka. Zilipokwisha akakopa kwenye simu, mkopo juu ya mkopo. Miezi sita ikapita, na utajiri aliobashiriwa haukuja. Aliporudi kwa waliomfundisha, hawakukiri kwamba hesabu zao zilikuwa na makosa. Walimwambia tatizo ni fikra zake, kwamba hakuamini vya kutosha.

Baba alituuliza: "Sheikh, huyu mtoto ametoka katika dini?" Tukamjibu la, na tukamkataza asilirejee neno hilo. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza la kwake: "Sheikh, mimi nina kasoro gani?"

Suala hili la pili ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ujumbe wa aina hii unatufikia kutoka Unguja na Pemba, na wazazi wengi wanatutaka tutoe fatwa moja tu: haramu, basi. Hatuwezi kufanya hivyo, kwa sababu si kweli kwamba yote ni haramu, na kijana aliyewahi kufunua vitabu hivyo atajua kwamba hatukuvisoma.

Elimu hii ya kujiendeleza si ya jana. Mwaka 1859 Mskoti Samuel Smiles alitoa kitabu chake juu ya mtu kujisaidia mwenyewe, na mwaka 1880 Yaqub Sarruf akakitoa kwa Kiarabu huko Beirut kwa jina la *Sirr an-Najah*, yaani siri ya mafanikio. Kwa hiyo Waarabu walikuwa na vitabu hivi kabla babu zetu hawajaona taa ya umeme. Huko Marekani akatokea Dale Carnegie, aliyeanza mwaka 1912 kufundisha watu kusema mbele za watu, na mwaka 1936 akaandika namna ya kupata marafiki. Mwaka 1948 alitoa kingine, juu ya kuacha wasiwasi na kuanza kuishi.

Hicho cha pili kilimfikia Sheikh Muhammad al-Ghazali wa Misri (1917–1996). Alikuwa mwanachuoni wa Azhar, na si mtu wa kuchezewa akili na maneno ya nchi za Magharibi. Hakukichoma. Alikisoma, akaona kwamba mengi yaliyomo mtu yeyote mwenye maumbile salama huyafikia kwa tajiriba, kisha akaandika *Jaddid Hayatak*, Ihuishe Maisha Yako, ambamo alilichukua kila wazo na kulirejesha kwenye Qur'ani na Sunna. Palipo na haki alisema ni haki, na palipopungua akakamilisha. Kwetu sisi hiyo ndiyo njia ya wanachuoni, na tunasikitika kwamba wengi wetu tuliobaki mimbarini tumechagua moja kati ya mawili yaliyo rahisi zaidi, kulaani au kunyamaza.

Tutoe mfano mmoja. Stephen Covey, Mmarekani wa madhehebu ya Mormoni aliyefariki mwaka 2012, aliandika mwaka 1989 juu ya tabia saba za watu wanaofanikiwa. Katika tabia ya pili anamtaka msomaji ajione yuko kwenye mazishi yake mwenyewe, awasikilize jamaa na wenzake wanavyomsema, kisha aanze kuishi kwa namna ambayo angependa asemwe. Muislamu akisoma hapo hushangaa kidogo. Kukumbuka mauti tumefundishwa tangu chuoni. Imam al-Ghazali wa Tus, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika *Ihyaa* yake ametenga kitabu kizima cha mtu kuichunga nafsi na kuihesabu kila siku, kama mfanyabiashara anavyomhesabu mshirika wake. Kuna tofauti moja tu, lakini ni kubwa. Katika mazishi ya Covey, maiti anasikiliza watu watasema nini. Katika mazishi yetu, watu wakishaondoka ndipo masuala yanapoanza.

Basi kijana akijifunza kupanga saa zake, kuandika matumizi kwenye daftari, kutimiza ahadi, kusikiliza kabla ya kujibu na kuamka mapema, ajifunze, hata kama mwalimu si Muislamu. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Muslim, ametutaka tulipupie lenye kutunufaisha, tumuombe Allah msaada na tusijione hatuwezi. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Alimuombea baraka, akaomba aoneshwe soko liko wapi, akaanza na samli na jibini. Hakuna semina iliyo fupi kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye sumu.

Mwaka 1937 Napoleon Hill aliandika kwamba mtu hufikiri na kisha hutajirika. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia akatoa filamu na kitabu kiitwacho *The Secret*, kilichosomwa na mamilioni ya watu, kikifundisha kile wanachokiita sheria ya mvuto: ulifikirie jambo kwa nguvu, ulione tayari ni lako, na ulimwengu utakuletea. Hapa hatuzungumzii tena kupanga saa. Hapa kuna anayeombwa, naye si Mwenyezi Mungu. Anayeitakidi kwamba ulimwengu wenyewe unasikia, unajibu na unagawa riziki, amegusa mzizi wa itikadi, wala halisalimiki kwa kutia Bismillahi mbele.

Baadhi ya wasemaji wa Kiislamu, wa Ghuba na hata wa kwetu, wanaitetea sheria hiyo kwa hadithi al-qudsi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba Allah yuko vile mja wake anavyomdhania. Ndugu zetu, hadithi hiyo inahusu kumtarajia Mola aliye hai, mwenye hiari, ambaye hutoa, huzuia na huchelewesha kwa hikma yake. Mwenye dhana njema akinyimwa, dhana yake inabaki njema. Mwenye sheria ya mvuto akinyimwa hana pa kushika, kwa sababu sheria haikosei, basi aliyekosea ni yeye tu. Kijana wetu alikuwa amefika hapo usiku ule.

Waliopotea kwa mafundisho haya hawako kwetu tu. James Arthur Ray alikuwa mmoja wa walimu waliotokea katika filamu hiyo. Oktoba 2009 huko Arizona, watu waliomlipa karibu dola 10,000 kila mmoja waliingizwa ndani ya hema la mvuke wa moto ili kuvuka mipaka ya nafsi zao. Watatu walikufa. Mwaka 2011 mahakama ilimtia hatiani kwa kuua kwa uzembe, akafungwa miaka miwili. Watu wazima wenye elimu zao walikaa ndani ya joto lile huku miili ikiwaambia watoke, wakiamini kwamba kutoka ni udhaifu.

Qur'ani imetusimulia Qarun katika Surat al-Qasas. Alipoaswa na watu wake, alijibu kwamba mali ile ameipata kwa elimu aliyonayo. Si kwamba alikuwa mvivu, wala hatuambiwi kuwa hakuwa na elimu. Kosa lake ni kuifanya elimu yake kuwa ndiyo chanzo, na waliokuwa wakimtamani jana yake ndio walioshuhudia ardhi ikimmeza.

Na tuwatazame Mitume. Nabii Nuhu (A.S.) alikaa na watu wake miaka 950 kasoro isiyokuwamo: mchana na usiku, kwa siri na kwa dhahiri, na walioamini walikuwa wachache. Katika hadithi sahihi tumeelezwa kwamba Siku ya Kiyama atakuja Nabii akiwa na mtu mmoja au wawili, na mwengine hana hata mmoja. Je, nao fikra zao zilikuwa na kasoro? Watu wa Suffa waliokuwa wakilala pembeni mwa Msikiti wa Mtume, wakishinda na njaa, imani yao haikutosha? Kipimo kinachowafelisha hawa ni kipimo kibovu.

Lipo pia la madeni. Robert Kiyosaki, katika kitabu chake cha mwaka 1997, anawalinganisha baba wawili, tajiri na maskini. Huyo maskini ni baba yake mzazi, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa elimu huko Hawaii. Tumewasikia vijana wetu wakiwasema hivyo hivyo wazazi wao walimu, wavuvi na wauza duka, kwamba wamekwama kwa fikra za kimaskini, na wanayasema hayo wakiwa wamekaa juu ya busati lililonunuliwa kwa chumo hilo. Kiyosaki anasifu wazi kukopa kwa riba ili kutajirika. Hukumu ya riba kwa Muislamu inajulikana, na Suratul Baqara haikuacha nafasi ya kupindisha. Lakini hata kwa hesabu ya dunia tu: mwaka 2012 kampuni yake moja ilipotakiwa na mahakama kulipa karibu dola milioni 24 kwa waandaaji wa semina, ilitangaza kufilisika, na yeye akabaki tajiri. Sheria ya kwao inamkinga. Kijana wa Unguja aliyekopa kwenye simu hana kampuni ya kujificha nyuma yake; wadai hupigia simu namba za jamaa zake, mpaka mama mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Wazazi waiulizie orodha hiyo.

Basi kwa waliotuuliza: kusoma vitabu hivi na kuhudhuria mafunzo yenye ujuzi wa kweli kunajuzu. Kuitakidi sheria ya mvuto hakujuzu. Na semina ambayo faida yake hasa hutoka kwa kuwaingiza wenzako walipe kiingilio, hiyo ni kula mali za watu kwa batili, iitwe biashara ya mtandao au jina lolote. Wengi tunaikumbuka DECI ya mwaka 2009, watu walipoambiwa wapande mbegu za fedha. Lugha imebadilika, shamba ni lile lile.

Sisi wenye darsa nasi tuna sehemu yetu. Kijana yule alituambia jambo lililotuchoma. Amesali nyuma yetu tangu utoto, na hakumbuki khutba hata moja iliyomueleza namna ya kuanza biashara kwa shilingi laki moja, kuandika mkataba wa ushirika, au kufanya nini ukifeli. Alisikia kwamba dunia ni pumbao. Yule wa kwenye simu alimtaja kwa umri wake, akamwambia anaweza. Hatukuwa na la kumjibu. Vitabu vya fiqhi tulivyovisoma vina milango ya qiradh, ya salam, ya ijara, na tunaisomesha kwa mifano ya ngamia na ngano, wakati wanaotusikiliza wanauza mwani, simu na karafuu. Tumeanza kuibadilisha mifano hiyo katika darsa yetu ya Jumamosi, na tunawaomba maimamu wenzetu wafanye hivyo mitaani kwao.

Ama kijana, tulimjibu kwamba ana makosa mawili: amechukua mali ya baba yake bila idhini, na ameingia katika riba. Makosa hayo yana toba, na toba yake ni kurejesha na kuacha. Kasoro ya kuwa hakuamini vya kutosha hanayo, hiyo aliuziwa. Baba alikubali alipwe kidogo kidogo kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Deni la simu lilihesabiwa, na ami yake akamkopesha rasilimali yake bila ziada. Amerudi dukani. Alituuliza kama avitupe vitabu vyake, vilikuwa vinne. Viwili tulimwambia avitoe nyumbani. Cha Covey tulimwachia, na tukampa *Jaddid Hayatak* avisome pamoja, maana Kiarabu cha chuoni bado anacho.

Wallahu aalam.