Kadi ya Grafiksi Si Gor Wala Ingwe

Wasee, kuna kitu nimechoka kusikia. Mtu ako na GTX 1060 ya mwaka 2016, amejinyima karibu mwaka mzima ndio aboreshe kompyuta yake ya gemu, na ukimuuliza mbona haangalii Radeon anakujibu, "Zii, mimi ni Nvidia damu." Damu ya nini? Buda, kadi ya grafiksi si Gor wala Ingwe. Wewe ni mteja, na hiyo doo ni jasho lako.

Ukimbana atoe sababu, atakutajia DLSS. Shida ni kwamba DLSS inafanya kazi kwenye kadi za RTX pekee. Hiyo 1060 yake haijawahi kuionja. Kitu ambacho kimekuwa kikimuongezea fremu kwenye gemu mpya ni FSR, ambayo ni ya AMD na inakubali hata kadi za washindani wake. Yaani anakula kwa jirani halafu anamtukana mpishi.

Mimi nilihama. Nilitoka 1060 nikaingia RX 6600, na haikuwa mapenzi, ilikuwa hesabu. 1060 inakula wati 120, RX 6600 inakula 132. Kwa hivyo pawa saplai yangu ilibaki ile ile. Nilihakikisha tu iko na waya wa pini 8. Memori nayo ikapanda kutoka 6GB hadi 8GB. Kwa bajeti yangu, upande ule mwingine haukuwa na kitu cha kunipa zaidi ya jina.

Memori ndiyo wengi wanaipuuza. Chukua RTX 3070 na RX 6700 XT, kadi mbili za rika moja. Kwa nguvu tupu 3070 iko mbele kidogo, lakini iko na 8GB na mwenzake ako na 12GB. Gemu nzito ikijaza hizo 8GB, kadi inaanza kuazima memori ya kompyuta, ambayo iko mbali na ni polepole. Hapo ndipo gemu inaanza kukwamakwama katikati ya vita. Nguvu iko, lakini nafasi hakuna.

Sasa sisemi kila mtu ahame. Hiyo ingekuwa ushabiki tu, umebadilisha jezi. Kama unapika kazi za Blender ili ulipe rent, ama programu zako zinategemea CUDA, baki na RTX na usisikize mtu. Kwa rei-tresing pia Nvidia wamekuwa mbele miaka mingi, na picha ya DLSS ni safi kuliko FSR za mwanzo. AMD walisogea sana na FSR 4 mwaka 2025, lakini hiyo ilikuja na kadi za RX 9000, si hizi za mtumba tunazowinda mtaani.

Ukiamua kuhama, fanya mambo mawili. Kwanza, futa draiva za zamani kabisa kabla ya kuweka kadi mpya. Programu ya DDU inafanya hiyo kazi bure. Pili, kama kompyuta yako ni zile za ofisi za ex-UK, fungua kesi kwanza. Nyingi ziko na pawa saplai ndogo na hazina waya wa kadi, na baadhi hata nafasi ya kadi ndefu hazina. Hapo brandi haitakuokoa, iwe nyekundu ama kijani.

Kwa hivyo kabla utoe pesa, andika gemu tatu unazocheza kila wiki, wati za pawa saplai yako, na bei unayoweza kulipa bila kulala njaa. Kadi itakayotimiza hizo tatu ndiyo yako. Na ukitaka kunibishia, karibu sana, lakini leta namba. Damu peleka hospitali, huko wanaihitaji.