Asilimia 96.5 Isiyothibitisha Kitu

Tangu mwaka 2022, serikali ya Taiwan inawalipia CT scan ya mapafu hata watu ambao hawajagusa sigara maishani, ilimradi wana mzazi, ndugu au mtoto aliyeugua saratani ya mapafu. Mwaka 2025 ikashusha umri, wanawake sasa wanaanzia miaka 40. Wenye mpango wanapongezana. Kwa maoni yangu, wamepanua jambo ambalo hakuna aliyeonyesha kwamba linaokoa maisha.

Nakubali, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa saratani hiyo kule si wavutaji, na ni kweli kuwa na mgonjwa katika familia huongeza hatari. Haya.

Lakini mapafu ya mtu mzima ukiyachungulia sana hukosi kitu. Mwaka 2023 watafiti wa London walichapisha matokeo ya sampuli 295 za tishu ya mapafu isiyo na saratani: asilimia 18 zilikuwa na kasoro za jeni EGFR, na asilimia 53 za KRAS, zilezile zinazochochea saratani. Kama kila seli ya aina hiyo ingegeuka uvimbe, wodi zingefurika. Wanaochunguza maiti nao hukuta vidoa vya milimita chache, hatua ya kuelekea saratani, kwa watu waliouawa na maradhi mengine kabisa.

Sasa tazama utafiti wa TALENT, unaotajwa kila mpango huu unapotetewa. Wasiovuta 12,011 walipimwa, 318 wakakutwa na saratani, na asilimia 96.5 ya hizo zilikuwa changa. Kati ya hizo 318, 61 hazikuwa zimepenya tishu za jirani. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linaziweka kwenye kundi la vitangulizi tu. Na hapakuwa na kundi la kulinganisha! Kukuta saratani changa nyingi kunathibitisha kwamba mashine inaona vizuri, basi. Kama kuziondoa mapema kunasaidia, zilizokomaa zilipaswa kupungua. Takwimu za wanawake wa Taiwan, 2004 hadi 2018, zinasema saratani changa ziliongezeka takribani mara sita, zilizoenea zikabaki karibu palepale.

Anayelipa ni mama wa miaka 45 asiyekohoa wala kukonda. Anakatwa kipande cha pafu, anaamka na mpira kati ya mbavu unaomwaga maji kwenye chupa, kisha anaitwa mgonjwa wa saratani maisha yake yote. Akiwa hai baada ya miaka mitano, anahesabiwa kama ushindi wa mpango, hata kama kidoa chake kisingemsumbua kamwe.

Kwa wavutaji wakubwa, Wamarekani waliwagawa watu 53,454 kwa bahati nasibu, CT kwa hawa na eksirei kwa wale, na vifo vya saratani ya mapafu vikapungua kwa asilimia 20. Taiwan ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa wasiovuta kabla ya 2022. Ikaona heri kushusha umri.