Siri ya Tajiri Haiko kwa Mganga

Imani kwamba mali nyingi haipatikani bila siri chafu imetapakaa Tanzania nzima, na kila sehemu ina namna yake ya kuisema. Kanda ya Ziwa na Mbeya hutajwa ndagu, uchawi wa kuvuta mali. Pwani husemwa ni majini ya kufugwa. Kwingine ni misukule inayolimishwa mashamba usiku, na mijini, hasa miongoni mwa vijana, jibu la haraka ni Freemason. Mtu akisimamisha ghorofa mtaani, majirani hawaulizi anauza nini wala alikopa wapi. Huulizana amemtoa nani kafara. Siku akifiwa na mtoto, hata kama hospitali imesema ni malaria, msibani watu hunong'onezana kwamba jibu limepatikana.

Wasomi wanaoibeza ndagu nao wanayo ya kwao: kwamba kila tajiri ni mwizi, na kwamba shilingi iliyomo mfukoni mwake lazima imetoka mfukoni mwa maskini. Imani hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinashikilia kwamba utajiri hauna hatua wala hesabu, una siri tu. Zote zinajitapa kuwa ni sauti ya mnyonge dhidi ya mwenye nacho, ilhali kwa miaka mingi anayeumizwa nazo ni mnyonge mwenyewe, na tajiri aliyeiba kweli hulala usingizi.

Madhara huanza kwenye droo ya duka. Mwenye duka la rejareja akikuta jioni fedha hazitimii, husema amepigwa chuma ulete: kuna mteja amelipa kwa noti yenye dawa, na noti hiyo imeondoka na wenzake. Droo hiyohiyo ikichunguzwa, upungufu una sababu zinazoshikika. Asubuhi ilitoka elfu mbili ya nauli ya mtoto wa shule. Saa nne ikatoka ya mkaa. Shemeji alipita akachukua sukari na kilo tatu za mchele kwa mkopo ambao haukuandikwa, kwa kuwa kumwandika shemeji kwenye daftari la madeni kunaonekana kama kumvunjia heshima. Unga umepanda bei kwa jumla tangu wiki iliyopita, lakini dukani bado unauzwa kwa bei ya zamani ili wateja wasikimbie, hivyo kila kilo inayouzwa inakula mtaji. Mwezi ukiisha, kidogo kilichobaki kinapelekwa kwa mganga kununua kinga. Upande wa pili wa barabara yupo anayefungua saa kumi na mbili alfajiri, anayeandika kila kinachotoka na asiyekopesha ndugu. Duka lake linakua, na kukua huko ndiko kunakomfanya ashukiwe. Kumwaminisha mtu kwamba jirani yake aliyefanikiwa ni mchawi ni kumfungia mlango wa shule pekee ya biashara iliyo karibu naye, tena ya bure.

Freemason ndio mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu hawakujificha. Jengo lao lipo katikati ya Dar es Salaam, na kwa miaka mingi kiongozi wao aliyejulikana na kila mwandishi wa habari alikuwa Sir Andy Chande, aliyefariki mwaka 2017. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene mkoani Tabora, na akaandika kitabu kuhusu maisha yake. Habari za utajiri wa familia yake ni habari za biashara ya mazao, viwanda vya kusaga na ukoo uliofanya kazi pamoja. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilivitaifisha viwanda hivyo. Nguvu za giza zinazosimuliwa vijiweni, kama zingekuwapo, zilipaswa kuonekana siku hiyo, na hazikuonekana. Mali ilikwenda. Mwalimu Nyerere akamtaka Chande abaki kuendesha kilichotaifishwa, na ndivyo alivyoliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, kwa kuwa nchi ilihitaji mtu anayeijua kazi ya kusaga nafaka. Siri yake ilikuwa ujuzi, na Serikali iliijua.

Wanaotajirika leo kwa jina la Freemason ni matapeli. Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme na ujumbe unaotumwa kwenye simu humwahidi kijana magari na nyumba, mradi tu atume kwanza ada ya fomu. Anayetuma si mwenye ghorofa, ni kijana asiye na ajira. Tabia ya kuamini kwamba fedha huja kwa mlango wa siri humwandaa mtu kwa kila mlaghai, hata anayekuja na Biblia mkononi. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walikuwa wamepanda "mbegu" zao katika mpango wa fedha ulioitwa DECI wakingoja kuvuna maradufu. Viongozi wa mpango huo, wakiwamo wachungaji, waliishia mahakamani, na wengi wa waliopanda hawakuvuna.

Hayo ni madhara ya mfuko. Kuna ya damu. Kuanzia takriban mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilikumbwa na mfululizo wa mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao vikitafutwa na watu waliosadiki kwamba vingewapa dhahabu machimboni na samaki ziwani. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni akizungumzia mauaji hayo. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Januari 2019 zamu ya kuuawa ikawa ya watoto wadogo wa Njombe, na imani ya utajiri kwa ushirikina ikatajwa tena.

Lawama zote hubebeshwa waganga, na waganga wanastahili lawama. Lakini mganga ni muuzaji tu. Soko limejengwa na kila mtu mzima aliyesema mbele ya watoto kwamba fulani asingefika pale bila kumwaga damu. Kijana anayechimba dhahabu Geita miezi sita bila kuambulia kitu, kisha akamwona mwenzake wa duara, yaani shimo, la jirani akipata, amefundishwa tangu utotoni kwamba tofauti kati yao ni kafara. Hakufundishwa kwamba mwamba wenye dhahabu hupita chini kwa utepe mwembamba usioonekana juu. Hakufundishwa pia kwamba anayepata mara nyingi ni yule mwenye uwezo wa kuendelea kuwalisha wachimbaji na kulipia mafuta ya pampu wakati duara halitoi kitu. Tofauti ni mtaji na uvumilivu ulionunuliwa na mtaji huo. Ni jambo la kukasirisha, na lina dawa: mikopo ya wachimbaji wadogo, taarifa za kijiolojia, vyama vya ushirika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodaiwa na mtu anayeamini damu.

Toleo la kisomi la imani hii liliwahi kuwa sera. Miaka ya 1960 na 1970 picha ya mwenye mali kama kupe na mnyonyaji ilitawala magazeti na mikutano ya hadhara. Azimio la Arusha lenyewe lilikuwa na jambo la maana sana, miiko ya uongozi, iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Miiko hiyo ilimlenga mwenye madaraka, na ilikuwa sahihi. Chuki ya mtaani haikutofautisha mwenye madaraka na mwenye duka.

Mwishoni mwa Machi 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kiongozi ambaye uadilifu wake unaheshimiwa hadi leo. Wananchi walishangilia. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa adimu, na kila mtaa ulidhani unamjua mlanguzi wake. Watu wengi walikamatwa. Wengine walitupa bidhaa mitoni na vichakani usiku wasije wakakutwa nazo. Sheria iliyotungwa ikaunda baraza maalumu ambako mshitakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Uhaba haukuisha kwa msako huo, na usingeweza kuisha. Kilichopatikana maghalani kilikuwa kidogo mno kulinganisha na mahitaji ya nchi, kwa maana bidhaa zilikuwa hazizalishwi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ghali, viwanda vilikosa malighafi na vipuri, na bei zilizopangwa na Tume ya Bei hazikumlipa mzalishaji. Rafu za maduka zilianza kujaa kuanzia 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Kwa maneno mengine, nchi iliokolewa kwa sehemu na watu wa aina ileile iliyokuwa ikisakwa mwaka mmoja kabla.

Chuki hii hufikia kilele inapomhusu Mtanzania mwenye asili ya Asia. Husemwa ana majini, au ameumbwa mchoyo, au ananyonya kwa asili. Ukweli wa kihistoria ni mchungu kuliko uchawi wowote, na ungepaswa kufundishwa kila shule. Kuanzia mwaka 1923 utawala wa Kiingereza Tanganyika uliweka sheria ya kubana ukopeshaji kwa wenyeji: deni ambalo Mwafrika alikopeshwa na mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani pasipo kibali cha maandishi cha ofisa wa Serikali. Ilielezwa kuwa ni ulinzi, ili mwenyeji asizame katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye ghala hakuwa na sababu ya kumpa Mwafrika mali kauli. Mhindi mwenye duka dogo Singida au Songea alipata bidhaa leo na kulipa akishauza, kwa kuwa aliyemkopesha alikuwa jamaa yake, au alijua anaweza kumdai. Mwafrika alitakiwa kulipa taslimu. Watu wawili wakianza biashara siku moja, mmoja kwa mkopo na mwingine kwa akiba yake tu, baada ya miaka ishirini hawawezi kuwa sawa, hata kama wote wanaamka alfajiri na wote hawalogi.

Jeraha hilo halijapona. Benki hudai dhamana, dhamana yenyewe ni hati ya kiwanja, na sehemu kubwa ya ardhi ya watu wa kawaida haijapimwa wala kupewa hati. Anayeamini kwamba mwenzake ana jini hataenda ofisi ya ardhi kuuliza upimaji umekwama wapi.

Kuna mmoja anayefaidika sana na imani hii, naye ni mwizi halisi. Imani inayomweka kapu moja anayesaga unga na anayeghushi nyaraka humpa wa pili maficho ambayo asingeweza kuyanunua. Ukaguzi wa Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, katika Benki Kuu ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 makampuni 22 yalilipwa zaidi ya shilingi bilioni 133 isivyo halali, mengi yakiwa yamewasilisha nyaraka za kughushi kuonyesha kwamba yamerithi madeni ya makampuni ya nje. Hapakuwa na nyoka wala jini. Palikuwa na barua, mihuri, saini na mtu wa kuidhinisha malipo. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilisoma taarifa yake kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa katika akaunti ya Tegeta Escrow, na ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu wa Serikali akawa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine ameachia ngazi. Kilichowatikisa wakubwa hao ni karatasi zilizosomwa na watu waliojua kuzisoma. Kijiweni, ambako hitimisho ni kwamba wote ni wezi, hakuna aliyejiuzulu kamwe.

Husemwa kwamba kuishambulia chuki hii ni kuwatetea matajiri. Sivyo. Matajiri wana maswali mazito ya kujibu: msamaha wa kodi uliotolewa kwa nani na kwa sababu gani, zabuni iliyotolewa bila ushindani, ekari zilizochukuliwa kijijini kwa fidia ya kutupa, kibarua wa kiwandani anayefanya kazi miaka mitano bila mkataba. Kila swali kati ya hayo lina ofisi, tarehe na saini. Anayeanza kwa kusema "wale wana mambo yao" amekwisha kujizuia kuyauliza, kwa sababu mambo ya gizani hayana risiti.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, huwasilishwa bungeni Aprili, na kila mwenye simu yenye intaneti anaweza kuisoma bure. Ndani yake halmashauri zimetajwa kwa majina, na diwani anaweza kuulizwa habari zake kwenye mkutano wa kata. Fomu za mali za viongozi ni jambo jingine. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kutangaza mali na madeni yao kila mwisho wa mwaka, lakini matamko hayo hayachapishwi kwa umma. Mwananchi anayejiuliza kiongozi wake alipata wapi ghorofa ana haki ya kupata jibu kutoka kwenye fomu hiyo, na Bunge lililopitisha sheria hiyo lina uwezo wa kuibadilisha.