Zabibu za Dodoma, mwani wa kwetu

Sinia la bi harusi hupendeza kwa zabibu, na tamu kwetu ni za Dodoma. (Mambo ya mvinyo tunawaachia wenyewe.) Huko mizabibu hushambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, na wakulima hupuliza salfa. Ufaransa, watafiti walijaribu sukari ya mwani wa kahawia: haiui kuvu, huuamsha mzabibu ujikinge wenyewe. Mwani wa Paje na Jambiani ni wa aina nyingine, lakini mbona mwingi tunauuza mkavu, kwa bei inayowasononesha mama zetu? Tunataka watafiti wa zabibu wa TARI Makutupora waujaribu. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Waanze na msimu mmoja, salfa ikiwa bado karibu.